Kwanza Msalimie

Mjukuu wangu Milembe ana miaka sita, na sikukuu iliyopita alitutia aibu mezani mbele ya mchungaji. Hivyo ndivyo baba yake alivyoona. Walikuwa wamefika jana yake kutoka Dodoma, yeye na mama yake, Kija, mwanangu wa kwanza, pamoja na baba yake, ambaye ni mtu wa Iringa, mpole, anayependa kila kitu kiende kwa utaratibu. Tulikuwa tumepika wali na kuku wa kienyeji, na pembeni nikaweka bakuli la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nimeyaunga kwa karanga, kwa sababu Kija hawezi kufika kwangu hapa Bariadi akaondoka bila kula nsansa. Mchungaji wetu na mkewe walikuwa wamekaribishwa. Wote tulipokaa nikasema Milembe atuombee chakula. Akakunja mikono, akafumba macho, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Shikamoo, Mungu." Mke wa mchungaji akaanza kucheka, akafuata mchungaji mwenyewe, na meza nzima ikaangua kicheko. Mkwe wangu akamgusa mtoto begani, uso umemshuka. "Milembe, sali vizuri. Nani kakufundisha hivyo?" Mtoto akafumbua macho akamtazama mama yake. Kija akanitazama mimi. Mimi nikalitazama bakuli la nsansa, maana jibu nilikuwa nalo na lilikuwa refu.

Jibu lenyewe ni mwaka mmoja wa maisha yetu kijijini Zagayu, nikiwa na miaka ishirini na saba, na Kija akiwa na minane. Nilikozaliwa na nani alinizaa havihusiani na habari hii, nitaviruka. Tulikuwa na nyumba ya bati ya vyumba vitatu ambayo mume wangu Masunga aliijenga hatua chache kutoka nyumba ya nyasi ya mama yake. Sebuleni nilikuwa na makochi ya mbao yenye vitambaa nilivyovifuma kwa mkono wangu, na ukutani kalenda ya kanisa ambayo sikuruhusu mtu aichore. Lakini ukifika msimu wa kuvuna pamba, sebule haikuwa yangu tena. Pamba ilimwagwa humo ndani ikapanda hadi kwenye madirisha, makochi yakasukumwa ukutani, na mgeni akija alikunywa chai mgongo umezama kwenye pamba, akiondoka ana nyuzi nyeupe kichwani na hakuna anayemwambia. Nyumba zote za Zagayu zilikuwa hivyo, lakini mimi peke yangu ndiye niliyenuna.

Nilikuwa mwanamke wa kununa, niseme ukweli. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, nimekabidhiwa watoto wa watu thelathini, na nilijiona mtu mkubwa. Na chini ya kununa kwangu kulikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu: kwamba imani itaishia kwangu. Masunga alikuja kanisani pale ng'ombe wake walipompa nafasi, na siku za mnada hawakumpa. Mama yake hakuja kabisa. Yeye kila alfajiri alisimama mlangoni kwake ameelekea jua linakochomoza, akanyunyiza maji ya unga kutoka kwenye kibuyu, akasema maneno yake taratibu. Nyuma ya zizi kulikuwa na kijumba kidogo cha nyasi cha mizimu ya ukoo, na mimi nikienda kuokota kuni nilikizunguka kwa mbali. Kija nilimkataza hata kumtazama bibi yake asubuhi. Sikumchukia mama mkwe wangu, la hasha. Alinipokea vizuri, alinifundisha kukausha viazi na kutengeneza samli, na katika miaka yote tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya chungu. Lakini nilikuwa na mtoto mmoja wakati ule, na niliona huyu mmoja ndiye nafasi yangu yote.

Kwa hiyo nilimfundisha. Kila siku, uji ukishachemka, kabla hajaenda shule, nilimsimamisha kwenye mkeka mbele yangu, mimi nimeshika mwiko. "Simama wima. Anza." Sala ya Bwana, Amri Kumi, Imani, kisha maswali sitini ya darasa la ubatizo, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu kila kitu kingine kilikuwa cha Kisukuma: kuita ndama, kugombeza kuku, kucheka, kulia, kubembeleza mtoto mwenye homa. Kiswahili nilikuwa nimekipata shuleni na kanisani, nacho nilikitunza kama vikombe vya wageni, vinavyokaa juu ya kabati na kushushwa kwa uangalifu. Niliona Mungu anastahili vikombe vya wageni. Na Kija alikuwa mwepesi. Kufikia mavuno alikuwa anayatiririsha maswali yote sitini bila kupumua, na mimi namsikiliza nimefumba macho kwa raha. Sikuwahi kumwuliza kama anaelewa, maana hata mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mchana mmoja wa mwezi wa tano Kija na bibi yake walikuwa wamekaa kivulini, ukutani kwa nyumba ya nyasi, wanachambua pamba: safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo nageuza matobolwa juani, vile viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Hawakujua kama nipo.

"Mguu huu utaniua," mama mkwe alisema. "Wewe si unaongea na Mungu wa mama yako kila asubuhi? Mwambie basi."

"Mwambie mwenyewe, Bibi."

"Mimi ananijua?"

Kija alifikiri kidogo. "Shida yake hajui Kisukuma."

"Hajui kabisa?"

"Hajui. Mama akiongea naye ni Kiswahili kitupu. Mwinjilisti naye hivyohivyo. Hata kitabu chake ni cha Kiswahili."

"Na huku kwetu amekuja lini?"

"Zamani sana. Mama alikuwa hajazaliwa."

"Na mpaka leo hajajua hata *mwangaluka*!" Mama mkwe akacheka hadi akakohoa. *Mwangaluka* ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na hata mwenye duka mgeni huijua wiki ya kwanza. "Huyo hakai na watu."

"Usimseme hivyo. Niambie mimi, nitamtafsiria."

Basi mama mkwe akaeleza habari za mguu wake, tangu ng'ombe alivyomkanyaga hadi unavyowaka kipindi cha mvua, maelezo marefu yenye majina ya watu na ya ng'ombe. Akamaliza. Kija akasimama wima, nilisikia mkeka ukikwaruza, akasema kwa sauti yake ya asubuhi: "Mheshimiwa Mungu. Bibi anasema mguu unauma. Wa kushoto. Amina." Niliuma upande wa khanga yangu nisicheke kwa sauti.

"Ni hayo tu?" mama mkwe aliuliza. "Mimi nimeongea mengi."

"Kiswahili ni kifupi."

"Haya. Na huko kwake juu, wote wanaongea hicho Kiswahili?"

"Wote."

"Basi mimi nikienda nitakaa kimya sana," mama mkwe alisema, na wakarudi kuchambua pamba.

Masunga aliporudi kutoka mnadani nilimsimulia kama kichekesho, naye akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kosa langu likawa hapo. Nililiona ni neno la mtoto la kufurahisha watu wazima, nikageuza matobolwa yangu, na kesho yake nikamsimamisha tena mkekani, swali la kwanza, swali la pili.

Mwezi wa sita ikafika Jumamosi ya kuwahoji watoto wa ubatizo. Kanisa letu halibatizi mpaka mtoto ajibu kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wazee. Nilimvalisha Kija gauni la njano, nikampaka mafuta hadi miguu ikang'aa, nikakaa benchi la nyuma pamoja na wazazi wengine, kidevu juu. Wazee watatu walikuwa wamekaa mbele, na katikati yao mwinjilisti, mzee mnene mwenye sauti ya upole aliyekuwa akija na baiskeli kutoka kijiji cha pili. Kija akajibu yote. Mzee mmoja akamrukia kwa swali la arobaini na saba ili kumchanganya, hakuchanganyika. Wazazi wakageuka kunitazama. Mwinjilisti akafunga daftari lake akauliza la mwisho, ambalo si la kufikiri. "Je, Kija binti Masunga, unataka kubatizwa?"

"Hapana," Kija alisema.

"Hapana?" mwinjilisti akauliza. "Kwa nini, binti?"

"Kwa sababu ya Bibi. Nikibatizwa nitaenda mbinguni, na yeye hajui Kiswahili. Akibaki, atabaki peke yake. Akija, hakuna atakayemwelewa. Bora nikae naye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akatazama dari, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akiminya kicheko. Mwinjilisti peke yake hakucheka. Alimtazama Kija muda mrefu, kisha akanitafuta mimi benchi la nyuma. "Mama Kija, nyumbani mnasali kwa lugha gani?"

"Kiswahili, mwinjilisti."

"Na ukiungua na sufuria, unapiga kelele kwa lugha gani?"

Wote wakaangua kicheko sasa, hata wazee. "Kisukuma," nikasema.

"Na Yeye wakati huo unadhani hakusikii?" Akamgeukia Kija. "Binti, umejibu vizuri kuliko wote. Hatukubatizi leo wala hatukukatai. Nenda nyumbani, mama yako ana kazi ya kufanya."

Njiani nilitembea mbele, sikumshika mkono. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na uchungu, na tulipofika kwenye shamba la mtama la jirani nikakaa chini nikalia. Nilikuwa nimempa mtoto wangu kila nilichokuwa nacho, na kumbe nilichompa ni Mungu mgeni, asiyejua mtu yeyote nyumbani kwetu. Kija alisimama pembeni na gauni lake la njano. Baadaye akanifuta uso kwa kiganja chake chenye mafuta. Akaniambia kwa Kisukuma nisilie, kwamba hata mguu wa Bibi ulikuwa umepata nafuu kidogo.

Jioni hiyo, jua halijazama, nilipika ugali na mlenda, nikaweka na maziwa ya mgando. Masunga alikuwepo. Mama mkwe alikuwa amekuja kuchukua kibuyu chake cha maziwa, nikamwomba akae ale nasi. Tukakaa mkekani, sebule imejaa pamba pande zote. Nikafumba macho, nikajiambia leo nitasali Kisukuma. Nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka, lakini lugha niliyonyonya nayo maziwa ilinigomea. Kila nilichojua kumwambia Mungu nilikijua kwa Kiswahili cha kitabu. Mwisho nikashika neno la kwanza lililopita. "Baba," nikasema kwa Kisukuma, "tupe..."

"Subiri," mama mkwe alisema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameweka kibuyu chini.

"Huyu unayeongea naye ni mkubwa au ni mdogo wako?"

"Ni mkubwa, mayu." Kwetu mama ni mayu, naye nilimwita hivyo siku zote.

"Na umeingia kwake moja kwa moja unasema tupe? Hata salamu? Ungeingia kwangu hivyo ningekutimua na huo mwiko wako."

Masunga akainamisha kichwa ili nisimwone anacheka. Mimi nikasema, kwa unyonge, "Sasa nifanyeje?"

"Kwanza msalimie. Piga magoti, unavyonipigia mimi. Ukishamsalimia, nyamaza. Mkubwa akisalimiwa anaitikia, na wewe unamsubiri aitikie. Kisha unampa habari za nyumbani, maana ndizo anazotaka. Ng'ombe wakoje, mvua ikoje, nani anaumwa, nani amerudi. Shida yako inakuja mwisho. Na mara nyingi ukishampa habari, shida yenyewe ameshaiona."

Nikapiga magoti juu ya mkeka, na Kija akapiga magoti kando yangu. Nikasema, "*Mwadila, Seba*," ndiyo salamu yetu ya jioni, na Seba ni Bwana. Kisha nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Nilisikia kuku wakipanda kulala. Nilisikia kengele ya ng'ombe kiongozi zizini na pumzi ya mama mkwe. Miaka yangu yote ya sala sikuwahi kunyamaza mbele ya Mungu hata mara moja. Sikujua kama inaruhusiwa. Na katika kimya kile nilijua kwamba yupo, mle ndani, katikati ya pamba na makochi yangu yaliyosukumwa ukutani, na kwamba alikuwepo tangu zamani. Machozi yalinitoka tena, lakini ya furaha, na sikuyafuta. Kisha nikampa habari. Nikamwambia ng'ombe mwenye jicho bovu amezaa jike. Masunga amerudi salama. Pamba ya mwaka huu imekubali. Mguu wa mayu. Kija na majibu yake. Maneno yalikuja yenyewe, mpaka Masunga akasema ugali unapoa.

"Mama," Kija akaninong'oneza, macho yamemtoka, "ameelewa?"

"Ameelewa."

"Umejuaje?"

Maswali sitini hayakuwa na hilo. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, huku anamega ugali. "Hukusikia alivyonyamaza? Mtu asiyeelewa huwa anadakia maneno."

Tangu siku hiyo tulisali hivyo, na mkeka wa asubuhi ukabadilika. Mwiko niliuacha jikoni. Kija alisalimia, akasubiri, akatoa habari, na habari zake zilikuwa nyingi kuliko zangu: ugomvi wa shuleni, yai alilolivunja akalificha, jina alilompa ndama. Mara nyingine uji uliungua kwa sababu mtoto hajamaliza kumweleza Mungu. Nilijifunza mambo ya mwanangu pale ambayo asingeniambia mimi kamwe. Wiki ya tatu akaniambia, bila kuulizwa, tukiwa tunabeba maji, kwamba anataka kubatizwa. Na Bibi je, nikamwuliza. "Bibi hana shida," akasema. "Kumbe wanaelewana."

Alibatizwa mwisho wa mwezi wa saba, katika lambo tunalonyweshea ng'ombe, maji yakiwa yamepungua yanamfika mwinjilisti kiunoni. Tulikuwa katikati ya wimbo pale kundi zima la ng'ombe wa jirani lilipoteremka kuja kunywa. Wazee wakataka wafukuzwe, mwinjilisti akasema waacheni, lambo ni lao, sisi tumeazima. Basi Kija akaingia majini na ng'ombe upande wa pili wanamtazama. Mwinjilisti akamwuliza swali lile la mwisho, safari hii kwa Kisukuma, naye akajibu kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wawili warudi nyuma. Mama mkwe alikuwa amekuja na kigoda chake, akakaa ukingoni, mguu mbovu ameunyoosha. Mtoto alipoibuka anatema maji, yule mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani alisimama, akapiga vigelegele, akaita kwa nguvu akitazama juu, "*Mwangaluka, Seba!* Huyu ni mjukuu wangu! Umemwona?" Na kwa adabu zake akanyamaza. Sisi wote tukanyamaza naye, tumelowa, hadi alipokaa.

Mama mkwe mwenyewe hakubatizwa. Nilimwomba mara nyingi katika miaka minne iliyobaki ya maisha yake, na alinijibu kwamba maji ya lambo ni baridi na kwamba wao wawili walishasalimiana. Kibuyu chake cha unga hakukiacha. Mimi niliacha kumkataza Kija kutazama. Yasiyo yangu kuyaamua siyaamui. Ninachojua ni kwamba nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi baada ya pale, na nikimwuliza Kija leo yale maswali sitini hapati hata kumi. Huwa ananicheka, anasema mama usinitahini mbele ya mume wangu. Mtoto wake alipozaliwa alimpa jina la mama mkwe wangu, Milembe, na huko Dodoma anamlea kwa Kiswahili, kwa sababu baba yake ni wa Iringa na hicho ndicho kinachowaunganisha. Niliumia kidogo, nisidanganye. Nilidhani yale ya mkekani yameishia Zagayu.

Nilipomaliza kuwasimulia haya, wali ulikuwa umepoa na mke wa mchungaji alikuwa anajifuta macho. Mkwe wangu akamshika mtoto kichwani. "Haya, Milembe. Anza upya."

Milembe akakunja mikono, akafumba macho. "Shikamoo, Mungu," akasema, na hakuendelea. Baba yake alimsubiri, akadhani amesahau, akainama kumnong'onezea neno. Kija akamgusa mkono.

"Mwache. Anasubiri aitikie."

Hakuna aliyecheka safari hii. Pikipiki ilipita barabarani, ikaenda zake. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha mtoto akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeitikiwa, akavuta pumzi.

"Sisi hatujambo," akasema. "Jana tumefika kwa Bibi."